Maji ya vijiji vidogo: Swali la kuwauliza wabunge wetu wa Pwani kabla ya 2027

Tuanze na hesabu ya mtungi. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una uzito wa kilo 20. Kampuni za maji hupiga bili kwa mita za ujazo, na mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani mitungi 50. Sasa chukua bei ya mtungi pale unapoishi. Ukiuziwa shilingi 20, mita moja ya ujazo imekugharimu shilingi 1,000. Kiangazi kikikaza na bei ikapanda hadi shilingi 30, umelipa 1,500. Kisha mwombe jamaa yako mwenye mfereji wa mita mjini Mombasa au Malindi akuonyeshe bili yake, na muigawanye kwa idadi ya mita alizotumia. Mtaona kwamba analipa sehemu ndogo tu ya bei yako, na maji yamemfuata mpaka jikoni. Ndiyo, na yeye ana malalamiko yake, kwa kuwa mifereji ya mjini nayo hukauka siku nyingi. Lakini anapolalamika ana ofisi ya kwenda, ana nambari ya akaunti na ana risiti mkononi. Mwenye punda na mitungi hana chochote kati ya hivyo.

Wengi hueleza tofauti hii kwa kusema kwamba sehemu zetu ni kame, au visiwa vyetu vina chumvi, basi yameisha. Sikubaliani nao. Mombasa ni kisiwa vilevile, na maji yake mengi hayatoki Mombasa. Yaliletwa kutoka mbali, kwa sababu kulikuwa na watu waliokaa kitako wakaamua fedha zitengwe za kuyaleta. Vijiji vidogo vya Pwani havijakosa maji kwa sababu ya mawe na mchanga pekee. Vimekosa kwa sababu ya namna fedha za maji zinavyogawanywa, na ugavi huo ni kazi ya watu tunaowachagua.

Mimi nimo katika kamati ya maji ya kijiji chetu kule Lamu Mashariki kwa mwaka wa tisa sasa. Katika miaka hiyo nimeketi na wafadhili, makandarasi, maofisa wa kaunti na waheshimiwa wa kila chama. Naandika ili tunaosoma ukurasa huu tujue fedha za maji zinatoka mlango gani, nani ana ufunguo, na ni lini mlango hufunguliwa. Tumezoea kumwomba mbunge maji kama tunavyomwomba mchango wa harusi. Maji si mchango.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama, tena ya kutosha. Umoja wa Mataifa, kwa azimio la Julai 2010, nao uliyatambua maji kuwa haki ya binadamu. Kipimo unachokitumia ni lita 50 hadi 100 kwa mtu mmoja kwa siku, chanzo cha maji kisizidi mita 1,000 kutoka nyumbani, kwenda na kurudi kusizidi nusu saa, na gharama isizidi asilimia 3 ya kipato cha nyumba. Hebu tukijaribu kipimo hiki kwa familia ya watu sita. Lita 50 kwa kila mmoja ni lita 300 kwa siku, yaani mitungi 15. Kwa shilingi 20 mtungi, ni shilingi 300 kwa siku, au 9,000 kwa mwezi. Ili shilingi 9,000 ziwe asilimia 3 ya kipato, nyumba hiyo inapaswa kuingiza shilingi 300,000 kila mwezi. Kule kwetu mvuvi wa ngalawa hajaiona pesa hiyo kwa mwezi hata ndotoni. Kwa hiyo hanunui mitungi 15. Hununua minne, na hiyo minne peke yake ni shilingi 2,400 kwa mwezi. Nguo zitafuliwa kwa maji ya chumvi, na mtoto ataoga siku ya Ijumaa.

Maji hupita, watu hubaki

Chemchemi za Mzima ziko ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Tangu miaka ya 1950 bomba la kilomita zipatazo 220 limekuwa likiteremsha maji yake hadi Mombasa. Malalamiko ya watu wa Taita Taveta kwamba maji ya kwao yanawapita yakienda kwa wengine ni ya siku nyingi, na kila msimu wa siasa huamshwa upya kisha hulazwa. Visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki katika kaunti ya Kilifi, hupeleka maji Malindi, Kilifi mjini na Mombasa, ilhali sehemu kubwa za Ganze na Magarini zinategemea silanga, na silanga likikauka, maboza. Bwawa la Mwache kule Kwale, ambalo linafadhiliwa na Benki ya Dunia, nalo shabaha yake kubwa ni kiu ya Mombasa, pamoja na sehemu itakayobaki Kwale. Mkazi wa Kinango anayeishi si mbali na bwawa hilo ana haki ya kuuliza sehemu hiyo ni kiasi gani na mabomba yake yatapita wapi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi Mombasa wanyimwe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hiyo, na wengi wao ni watoto wetu waliokwenda kutafuta kazi. Ninachosema ni kwamba miradi yote mikubwa imefuata njia moja, na kuna sababu.

Sababu ya kwanza ni mkopo. Fedha nyingi za miradi mikubwa ya maji ni mikopo ambayo serikali ya kitaifa huchukua nje. Mkopo hulipwa, na anayekopesha hutaka kuona wateja watakaolipa bili kwa miaka mingi ijayo. Mji una wateja, lakini kijiji cha nyumba 200 hakina wa kutosha kulipia hata maslahi ya mkopo. Sababu ya pili ni gharama ya kila kichwa. Bomba la kilomita 15 la watu 20,000 haligharimu mara ishirini ya bomba la watu 1,000, kwa hiyo ukigawanya kwa idadi ya watu, mradi wa kijiji daima utaonekana ghali. Mhandisi akiweka miradi kumi mezani na kuipanga kwa gharama ya kila mtu, cha kwetu kitakuwa cha kumi. Mwaka utakaofuata kitakuwa cha kumi tena. Hakuna mtu aliyekaa akapanga njama dhidi yetu. Ni kipimo tu, lakini kipimo hicho kikitumika peke yake, kijiji kidogo hakitafikiwa milele.

Walioandika Sheria ya Maji ya 2016 waliliona hili. Kifungu cha 94 kinasema hakuna mtu wala jamii itakayonyimwa huduma ya maji kwa sababu tu kwamba kuipeleka huko hakuleti faida ya kibiashara. Kinazitaka serikali za kaunti, pamoja na bodi inayosimamia huduma za maji nchini, kuweka mipango ya sehemu za mashambani zisizo na faida: visima, mifumo midogo ya mabomba, mifereji ya umma. Tena kinaitaka kila kaunti kuandika mpango wa maendeleo wa miaka mitano wa maji ya sehemu hizo, wenye kuonyesha uwekezaji na fedha zitakakotoka, na kuuwasilisha kila mwaka kwa bodi hiyo na kwa waziri.

Sasa nakuuliza, msomaji: umewahi kuuona mpango huo wa kaunti yako? Mwakilishi wako wa wadi amewahi kuuona? Mimi nimeuliza katika mikutano mitatu tofauti na nimejibiwa kwa tabasamu.

Kisiwa si bara

Kabla ya kuendelea na fedha, niseme neno kuhusu visiwa, kwa sababu wanaopanga bajeti Nairobi hudhani kila kijiji ni kama kijiji kingine.

Katika visiwa vyetu vya Lamu, maji matamu ya kisima yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza chini ya ardhi. Ukiteka kidogo kidogo kwa ndoo, maji matamu hudumu. Ukileta pampu yenye nguvu ukavuta mchana kutwa, chumvi hupanda kutoka chini, na kisima kilichonywewa tangu enzi za mababu huharibika. Ndiyo maana milima ya mchanga ya Shela ina thamani kuliko hoteli yoyote itakayojengwa juu yake: mvua huzama katika mchanga ule na kuwa tangi la mji mzima wa Lamu. Na ndiyo maana wazee wetu wa Pate, Ndau na Kiwayu walijenga majabia. Jabia, kwa asiyelijua, ni sakafu pana iliyoinamishwa kidogo, mvua ikinyesha maji huteremka na kuingia birika lililochimbwa ardhini. Hesabu yake ni nyepesi na inafurahisha. Sakafu ya mita 25 kwa 40 ina eneo la mita 1,000 za mraba. Kila milimita moja ya mvua inayoangukia hapo ni lita 1,000. Mvua ya milimita 20, ambayo msimu wa mvua ya mwaka huweza kutupa kwa usiku mmoja, ni lita 20,000, yaani mitungi 1,000, ikiwa hakuna kilichomwagika.

Lakini jabia likipata ufa, maji yote hunywewa na ardhi. Sakafu isipofagiwa kabla ya mvua, birika huingia uchafu wa mbuzi na kunguru. Birika likiwa dogo, mvua ya kwanza hulijaza na iliyobaki humwagika baharini mbele ya macho yetu, halafu Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwaka, tunapakia mitungi mashuani. Kukarabati jabia lililopo ni kazi ya saruji, chokaa, fundi na wiki chache. Fedha zake kwa bajeti ya mji mkubwa ni za kununulia vali na kulipia posho za semina. Kwetu, maji ya kifuu bahari ya chungu. Hata hivyo ukarabati huo haukopeshwi na benki yoyote, na haufunguliwi kwa utepe, kwa hiyo hauna mwenyewe.

Majabia na visima vingi tulivyo navyo vilijengwa na watu wema, vingine kama sadaka ya kudumu kwa ajili ya wazazi wao waliotangulia. Majina yao yameandikwa ukutani na sisi tunawaombea dua. Lakini sadaka haina ratiba, na haina fundi wa kurudi. Kijiji kimoja utakuta kina visima vitatu vya wafadhili watatu, na cha pili chake hakina hata kimoja kwa sababu barabara haifiki na picha hazipigiki vizuri. Mwaka 2025 Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, wengi katika kaunti kavu za nchi hii walikumbushwa kwamba mkono wa nje una siku yake ya kufungwa.

Nitoe mfano wa kwetu. Mwaka 2019 kijiji chetu kilipata kisima chenye pampu ya sola. Kilikabidhiwa kwa hotuba na pilau. Baada ya miezi 14 kifaa kinachoongoza umeme wa pampu kiliungua. Hakikupatikana Lamu. Tulipokwenda kwenye ofisi inayohusika tulijibiwa kwa upole kabisa kwamba mradi huo haumo katika daftari la mali ya umma, kwa hiyo hakuna shilingi ya umma inayoweza kutumika kuutengeneza. Mfadhili naye alikuwa amefunga mradi wake na kuandika ripoti kwamba umefaulu. Akina mama walichanga shilingi 50 kila nyumba kwa miezi kadhaa, kijana mmoja akasafiri hadi Mombasa kukinunua. Miezi yote hiyo paneli zilikuwa juu ya paa zinang'aa, na sisi tunateka kwa kamba. Ukizunguka Kinango, Ganze au Tana River utakutana na kisa hiki mara nyingi: maji yapo chini, mashine ipo juu, fedha ya kifaa kidogo haipo.

Ndiyo maana ninapomsikia mheshimiwa akiahidi visima vipya kumi, mimi humuuliza vile kumi vilivyolala vitaamshwa kwa fungu gani.

Hazina yenye tarehe ya kufa

Sasa tufike kwenye fedha ambazo Katiba yenyewe iliziweka kwa ajili yetu. Kifungu cha 204 kilianzisha Hazina ya Usawazishaji. Kila mwaka asilimia nusu ya mapato yote yanayokusanywa na serikali ya kitaifa, kwa hesabu zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge, yanapaswa kuingia humo. Fedha hizo zina kazi chache tu: maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma, mpaka zifikie kiwango ambacho wengine nchini wanakipata. Zingatia kwamba maji yametajwa kwanza. Na hapa hakuna hesabu ya faida wala idadi ya wateja. Ni hazina iliyoandikwa kwa ajili ya mradi wa kumi mezani.

Tume ya Ugavi wa Mapato, CRA, ilipotoa sera yake ya kwanza ilitaja kaunti 14 zilizoachwa nyuma. Kati ya kaunti sita za Pwani, tano zilikuwamo: Kilifi, Kwale, Lamu, Taita Taveta na Tana River. Sera ya pili ikaacha kuhesabu kaunti nzima na kuhesabu maeneo madogo, ikapata maeneo 1,424 katika kaunti 34. Nia ilikuwa njema, kwa sababu hata kaunti tajiri ina kijiji chenye kiu. Lakini sufuria ni ileile na sahani zimeongezeka, kwa hiyo sauti ya mbunge wetu inahitajika zaidi.

Safari ya hazina hii imekuwa ya kuchechemea. Fedha zilizoingia zimekuwa chache kuliko zinazostahili, kama ripoti za Msimamizi wa Bajeti zinavyoonyesha. Magavana na serikali ya kitaifa walivutana kuhusu nani azishike, wakafika mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikabatilisha mwongozo uliokuwa ukitumika. Kanuni mpya zilikuja 2021. Miaka hiyo yote ya mvutano saa ilikuwa inahesabu, kwa maana Katiba iliipa hazina hii umri wa miaka 20 tu tangu Agosti 2010. Itakufa Agosti 2030, isipokuwa Bunge liirefushe kwa sheria. Na sheria hiyo haipiti kwa wingi wa kawaida wa waliohudhuria siku hiyo. Inahitaji zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Kitaifa, na zaidi ya nusu ya wajumbe wote wa kaunti katika Seneti.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Bunge litakalochaguliwa siku hiyo ndilo litakalokuwa kazini 2030. Kwa hiyo mtu atakayekuja kukuomba kura, awe ni wa kiti cha mbunge, useneta au mwakilishi wa kike, ndiye atakayeinua mkono au kuukunja. Sijasikia hata mmoja akilitaja jambo hili jukwaani. Nasikia habari za nani atakuwa na nani.

Mwaka 2020 fedha za kaunti ziligombaniwa hadharani, wakati Seneti ilipokuwa ikitafuta fomula ya tatu ya mgao. Kulikuwa na kilio cha mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Kwa fomula ile iliyopendekezwa kwanza, kaunti kadhaa za Pwani zingepoteza fedha. Lamu ina watu 143,920 kwa sensa ya 2019, na Lamu Mashariki nzima, na visiwa vyake vyote, ni watu 22,258. Ukitugawia maji kwa vichwa peke yake, mgao wetu hautatosha hata kukodi meli ya kuleta mabomba. Maseneta walikataa, vikao vikavunjika kimoja baada ya kingine, na mwishowe Septemba 2020 wakakubaliana fomula isianze kutumika mpaka fungu la kaunti lifike shilingi bilioni 370, ili asiwepo wa kupunguziwa. Nalitaja kwa sababu lilionyesha jambo moja wazi: viongozi wa sehemu kavu na ndogo, kutoka vyama tofauti, walipokaa upande mmoja, walishinda. Iliwezekana siku ile.

Mlango wa kaunti

Huduma za maji ni kazi ya kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba. Mbunge akikuambia atachimba kisima kwa fedha za NG-CDF, mkumbushe kwamba sheria ya 2015 iliufunga mfuko huo kwenye kazi za serikali ya kitaifa. Kazi yake katika maji ni kubwa kuliko kisima kimoja: ni kupigania Hazina ya Usawazishaji iingizwe fedha zote zinazostahili, na kuhakikisha Hazina ya Amana ya Sekta ya Maji, ambayo sheria ya 2016 inaitaka isaidie sehemu zisizo na faida, inapewa fungu la maana kwenye bajeti ya taifa badala ya kutegemea sana wafadhili wa nje.

Kisima na jabia vyenyewe vinajadiliwa katika bunge la kaunti, na hapo ndipo tunapolala. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ina kalenda ambayo kila kamati ya maji ingeibandika ukutani. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Kijiji kisichotajwa humo, miezi tisa baadaye kitaambiwa hakimo kwenye mpango. Waraka wa mkakati wa fedha hufuata, kabla ya Februari 28, nao ndio unaosema idara ya maji itapata kiasi gani. Makadirio yenyewe hufika kabla ya Aprili 30. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Katika kila hatua wananchi wana haki ya kusikizwa. Tumezoea kujaa ukumbini mwezi wa Mei, wakati makadirio yameshaandikwa, tukapewa soda na kusaini karatasi ya mahudhurio. Kabla ya Septemba, wakati orodha inapotengenezwa, ukumbi huwa mtupu.

Kwa wawakilishi wa wadi nina maombi manne tu, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya. Wautake mpango wa kifungu cha 94 uwekwe mezani na usomwe kijiji kwa kijiji. Wasipitishe bajeti ya maji isiyokuwa na mstari wake wa matengenezo ya mifumo midogo, pamoja na fundi na stoo ya vipuri katika kila kaunti ndogo, kwa sababu pampu isiyo na kipuri ni chuma chakavu. Waamuru kila kisima, silanga na jabia, hata vilivyojengwa na wafadhili, viingizwe katika daftari la mali ya kaunti, ili tusiambiwe tena kwamba maji tunayokunywa hayajulikani serikalini. Na fedha za maboza zihesabiwe hadharani.

Hili la maboza wengi hawalipendi. Ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, ulipopiga Pwani na kaskazini, maboza yalitembea Ganze, Magarini, Kinango na Tana River, na bila hayo watu wangekufa. Lakini boza la lita 10,000 ni mitungi 500. Kijiji cha nyumba 200 kikigawana kwa haki, kila nyumba hupata mitungi miwili na nusu. Kesho yake yule mtungi umekwisha, boza limerudi mjini, na kodi ya gari, dizeli na dereva vimelipwa. Fedha za dharura hupatikana haraka, bila kuulizwa faida wala gharama ya kila kichwa. Ningependa bunge la kaunti litangaze kila mwaka zilizotumika kwa maboza wadi kwa wadi, kando ya zilizotumika kwa mabomba, silanga na majabia katika wadi hizohizo. Tukizitazama safu mbili hizo pamoja tutajua kama tunatibiwa au tunapewa dawa ya maumivu.

Kuna watakaosema miradi midogo huibwa, kamati za vijiji hula fedha za mfereji. Ni kweli hutokea, na nimeona daftari la makusanyo likipotea na mweka hazina akiwa na pikipiki mpya. Dawa yake ni mita kwenye kioski, hesabu kubandikwa msikitini, kanisani na dukani kila mwezi, na ofisa wa kaunti wa kuja kukagua. Miradi mikubwa nayo huibwa, tena kwa tarakimu ambazo kamati ya kijiji haiwezi hata kuziandika, na hakuna anayesema kwa hiyo mji usipewe maji. Mifumo ya miji nchini hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya maji yaliyosafishwa, kwa kuvuja na kwa kuchotwa bila malipo, na bado inaongezewa fedha. Sisi tunaomba tupimwe kwa mizani hiyohiyo.

Kwa hiyo mheshimiwa akija kijijini kwenu kabla ya Agosti 2027, mwache amalize hotuba, kisha mmoja wenu asimame amuulize kwa heshima: utapiga kura ya kuirefusha Hazina ya Usawazishaji au hutapiga? Jibu lake liandikwe kwenye daftari la kamati, pamoja na tarehe na majina ya waliosikia. Na kwa wale ambao kijiji chao hakimo kwenye mpango wa kaunti, barua ya kuomba kiingizwe ipelekwe kwa mkono ofisini, nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo, kabla ya mwisho wa Agosti.